MWIZI HAKUPITIA PAJE

Wale mliozoea kuzurura nami Kariakoo, Mwenge na Sinza, leo shikeni nguo zenu vizuri, maana safu yenu imevuka maji. Tunakwenda Unguja. Na kabla hamjaanza kunisengenya kwamba nimekwenda kula urojo kwa fedha za gazeti, niseme mapema: nilikwenda kikazi. Urojo nimekula, sikatai, ila alilipa mtu mwingine.

Mtu mwenyewe ni dada mmoja wa hapa hapa Dar, tumwite Bosi. Ana kikampuni cha kutunza hesabu na kulipa mishahara kwa niaba ya wenye hoteli ndogo, maduka ya dawa na gereji. Ana watu sita. Wanne wanakaa ofisini, mmoja yuko Moshi, na mmoja, binti mchapakazi ile mbaya, anafanyia kazi kwao Paje. Utaratibu huo ulianza wakati wa korona mwaka 2020, ukanoga, wakauacha uendelee. Kila mmoja ana kompyuta yake, faili ziko mtandaoni, mambo yanakwenda.

Yalikwenda mpaka mwezi uliopita. Hoteli moja, mteja wao wa siku nyingi, ilipokea ankara kwa imeili. Nembo ya kampuni ipo, sahihi ipo, lugha ile ile ya "tunashukuru kwa ushirikiano wenu". Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti: namba ya akaunti ya benki. Hoteli ikalipa. Milioni nne na ushee zikaingia mitini. Mteja analalamika, Bosi hana pa kuficha uso, na mchawi lazima apatikane.

Mchawi akapatikana haraka sana. Si yule anayekaa ufukweni na kutumia mitandao ya mahotelini? Bosi akaandika barua: kuanzia mwezi ujao kila mtu arudi ofisini Dar, asiyetaka aseme. Kwa binti wa Paje hiyo ilikuwa sawa na kufukuzwa kazi. Anamuuguza mama yake, na hana wa kumwachia. Barua ilikuwa imeshapigwa mhuri, lakini Bosi ni mtu wa haki. Akasema kwanza nikaone kwa macho yangu. Mimi nikaalikwa kama mbeba begi na shahidi. Kazi mbili, mshahara mmoja wa urojo.

UKUTA UNALINDA MEZA NA VITI

Boti ya mwendo kasi inachukua kama saa mbili kutoka Dar. Ukishuka Malindi ukafuata ufukwe kwa miguu, unaipita Beit-al-Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu ambayo upande wake mmoja uliporomoka Desemba 2020, halafu unakutana na Ngome Kongwe. Hapo ndipo tulipopangana na fundi wa mitandao, Mzanzibari wa makamo, kofia ya kiua kichwani na mkoba wa nyaya begani. Tukaagiza juisi ya ukwaju, nikadhani ataanza kutufungulia kompyuta. Wapi! Akaanza na historia.

"Unauona ukuta huu, bibie? Waomani waliujenga baada ya kumtimua Mreno, mwishoni mwa karne ya 17. Hesabu yake nyepesi: adui yuko nje, wetu wako ndani. Ukishapita mlangoni, hakuna wa kukuuliza tena. Na mitandao ya makampuni ilijengwa hivi hivi miaka chungu nzima. Ofisi ina ukuta wake wa kielektroniki, aliye ndani anaaminiwa, aliye nje anazuiwa."

"Si ndiyo maana nataka warudi ndani?" Bosi akadakia.

"Sawa. Hizo hesabu za wateja wako zimekaa wapi? Ofisini?"

"Hapana, ziko mtandaoni. Na imeili pia."

"Basi yakhe, ukuta wako unalinda meza na viti."

Nilijikaza nisicheke, nikashindwa. Bosi akanikata jicho. Lakini fundi alikuwa anasema kweli, na wakubwa wa dunia walijifunza hivyo hivyo kwa maumivu. Mwishoni mwa 2009 wadukuzi waliingia ndani ya mitambo ya Google, na Januari 2010 kampuni yenyewe ikatangaza. Baada ya hapo Google ikajenga utaratibu ilioupa jina la BeyondCorp: mfanyakazi haaminiwi kwa sababu tu amekaa ofisini. Awe makao makuu, awe nyumbani kwake, kila anapofungua kitu anahakikiwa yeye ni nani na kompyuta yake iko katika hali gani. Mwaka huo huo wa 2010 mchambuzi mmoja wa Marekani, John Kindervag, aliupa mtindo huo jina linalotumika mpaka leo, ambalo kwa Kiswahili cha mtaani ni "usimwamini mtu, hakiki kwanza".

Fundi akatuonyesha kwa kidole upande wa vichochoro. "Nyumba za Mji Mkongwe zina mlango mkubwa wa mbele wenye nakshi, watalii wanaupiga picha. Lakini ndani, chumba cha bibi kina kufuli lake, ghala lina lake, na kasha la dhahabu lina lake. Mgeni akiingia sebuleni hajaingia kwenye kasha." Ndiyo somo lenyewe hilo. Keshia afungue mambo ya ukeshia, wa mishahara afungue mishahara, na hakuna mmoja anayebeba funguo zote.

KAHAWA YA BURE, MTANDAO WA BURE

Kutoka hapo tulikwenda Shangani kwa miguu. Pale baharini kuna hoteli kubwa, Serena. Watu wanapita na kuistaajabia, wachache wanajua kwamba jengo lake moja lilikuwa ofisi ya simu za nje, Extelecoms House. Mwaka 1879 Waingereza walilaza waya wa simu ya maandishi chini ya bahari kutoka Aden mpaka Zanzibar, ukaendelea Msumbiji hadi Durban. Kwa hiyo msijione nyie ndio wa kwanza kufanya kazi na bosi aliye mbali. Wafanyabiashara wa zama zile walituma maagizo London na Bombay wakiwa wamekaa hapa hapa.

Na walijua kujificha. Kulikuwa na vitabu vya mafumbo ya kibiashara, kimoja maarufu kilitoka 1873 kikiitwa ABC, ambamo neno moja linasimama badala ya sentensi nzima. Kwanza waliokoa gharama, kwani simu ililipiwa kwa neno. Pili, karani anayegonga ujumbe hakuelewa biashara ya mtu. Anaona neno tu, haoni bei.

VPN ya leo ni mjukuu wa mambo hayo. Inatengeneza kama bomba kati ya kompyuta yako na mtandao wa kampuni, na kila kinachopita ndani kimefumbwa. Mwenye waifai ya mgahawa anaona kwamba kuna kitu kinapita, hajui ni nini. Kuna programu za bure zilizo wazi kukaguliwa na yeyote, kama WireGuard, ambayo tangu Machi 2020 imo ndani ya mfumo wa Linux wenyewe. Kikampuni cha watu sita hakihitaji mtambo wa mamilioni.

Lakini fundi akatoa angalizo mara mbili. La kwanza: VPN haikuokoi kama umekaribisha mwizi mwenyewe. Tovuti nyingi siku hizi zinafumba mawasiliano zenyewe, ile alama ya kufuli kwenye kivinjari, kwa hiyo hatari kubwa ya mgahawani ni mtandao bandia. Mtu anakaa meza ya pembeni, anafungua waifai yenye jina linalofanana na la mgahawa, unajiunga, anakuletea ukurasa wa kujaza neno la siri. Umekwisha. Dawa yake rahisi, kazi za fedha zifanyie kwenye bando la simu yako mwenyewe.

La pili ni la kisheria, vijana sikilizeni. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kwamba watu na makampuni yanayotumia VPN kwa shughuli zao wazitolee taarifa, na mwisho ukawekwa Oktoba 30 mwaka huo. Bosi alikuwa hajui. Akaandika kwenye kijitabu chake, akapigia mstari mara tatu.

TULIPOMKUTA MWIZI

Kesho yake asubuhi tukaelekea Fumba, kusini mwa mji, unaupita uwanja wa ndege. Zamani ilikuwa mashamba na wavuvi. Sasa kuna mji mpya kabisa, Fumba Town, nyumba za kisasa zimejipanga kama meno. Mwaka 2022 Serikali ya Zanzibar ilizindua mpango wa Silicon Zanzibar kuyavuta makampuni ya teknolojia, na Fumba ndiko kunakotajwa. Utawakuta vijana wa mataifa mbalimbali na kompyuta zao mpakato, wanazungumza Kiingereza cha kila lafudhi.

Kitu kinachonifurahisha Fumba ni kwamba umeme wa Unguja nao unaingilia hapo. Unatoka Ras Kiromoni upande wa bara, unapita chini ya bahari, unaibukia Ras Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Ulipoharibika Mei 2008, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima. Ukaharibika tena Desemba 2009, giza likaendelea mpaka Machi 2010. Miezi mitatu, jamani! Wakati huo jenereta zilinguruma usiku kucha na barafu ikawa lulu. Mwaka 2013 ukazinduliwa waya mwingine wa megawati 100 kwa msaada wa Marekani. Mzanzibari hahitaji kuelezwa kwamba ukitegemea njia moja, njia hiyo ikikatika umekwama.

Fundi ana kiofisi chake cha kushirikiana na wenzake hapo. Akamwomba Bosi aingie kwenye imeili ya kampuni kwa funguo za msimamizi, halafu akaita daftari la kuingia na kutoka: nani ameingia, saa ngapi, kutoka wapi. Tukaanza na binti wa Paje. Kurasa nzima, siku kwa siku. Safi. Anaingia saa mbili asubuhi, anatoka jioni, kompyuta ile ile moja.

Tukamfuata wa Moshi. Safi.

Tukaja wa ofisini. Fundi akasimamisha kidole. "Huyu ni nani?"

Bosi akaangalia, rangi ikambadilika. Alikuwa keshia wa zamani, ameacha kazi mwaka jana, wakamfanyia na sherehe ya kumuaga. Kompyuta alirudisha, funguo za ofisi alirudisha, kitambulisho alirudisha. Akaunti yake ya imeili hakuna aliyeifunga. Na ilikuwa inaingiwa usiku wa manane kutoka nchi ambayo hata Bosi hajawahi kufika.

Wala keshia mwenyewe hana hatia. Bosi alimpigia simu pale pale, kijana wa watu akashangaa. Neno la siri la kazini alilitumia pia kwenye tovuti nyingine za mambo yake, moja ikavuja, wezi wakalijaribu kila mahali mpaka likafungua. Walipoingia hawakuiba siku ile. Waliweka amri ya kimya kimya: kila barua yenye neno "ankara" ipelekewe nakala nje. Wakakaa wakasoma, wakajua nani anadaiwa nini, wakajifunza na namna Bosi anavyoandika. Halafu ndipo wakatuma yao.

"Msijione mko peke yenu," fundi akatupoza. Akatukumbusha ya Mei 2021 kule Marekani. Colonial Pipeline, kampuni ya bomba kubwa la mafuta la pwani ya mashariki, ilisimamisha bomba kwa siku kadhaa, watu wakapanga foleni vituoni. Wezi walipitia akaunti ya VPN ya zamani isiyotumika tena, neno la siri lilishavuja, na hapakuwa na hatua ya pili ya kuhakiki. Kampuni ikalipa bitcoin 75, wakati ule kama dola milioni 4.4, ingawa sehemu kubwa ya hizo bitcoin baadaye ilirudishwa na serikali. VPN walikuwa nayo! Mlango wa chuma, ufunguo chini ya zulia.

Bosi hakusema neno kwa dakika nzima. Ile barua yenye mhuri ilikuwa mkobani mwake. Kama angeipeleka, binti angeondoka, na mwizi angebaki.

WALI WA NAZI NA KUFULI

Njia ya Paje inapita msitu wa Jozani, kima punju wanakuangalia kama vile wewe ndiye kivutio. Ukifika, bahari ni ya rangi ile wanayoichora kwenye kalenda. Upande mmoja Wazungu wanapaa na maparashuti yao juu ya maji, upande wa pili akina mama wanavuna mwani maji yakitoka. Katikati ya hapo, nyumba ya kawaida ya bati, ndimo ofisi ya tawi la Paje. Tukamwamkia mama yake, shikamoo mama, akatuitikia marahaba akiwa amelala barazani. Binti katukaribisha kwa wali wa nazi na pweza, huku macho yanamtoka. Alishasikia habari za barua.

Fundi akakagua. Ruta yake ya nyumbani bado ilikuwa na neno la siri lililotoka nalo kiwandani, akalibadilisha na kuweka programu zake mpya. Wadogo zake na majirani walikuwa wanaunga simu zao hapo hapo, akawatengenezea mtandao wa wageni, wa kazi ukabaki peke yake. Diski ya kompyuta akaifumba yote, ili hata ikiibwa kwenye daladala namba 309 mwizi aambulie plastiki. Halafu kila mfanyakazi, wa Paje na wa Dar, akawekewa hatua ya pili: ukiweka neno la siri, lazima uweke na namba inayobadilika kutoka kwenye programu ya simu. Hakutaka ile ya meseji, kwa sababu wajanja wanaweza kusajili upya laini yako kwa jina lao, namba zikaenda kwao.

Nikauliza na mimi la kwangu: na intaneti yenyewe ikizima? Binti akajibu kabla ya fundi. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mishahara ya watu haijui mambo hayo. Kwa hiyo ana nakala tatu za kila hesabu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya pembeni iliyofumbwa na kufungiwa kabatini, moja mtandaoni. Ana laini za kampuni mbili tofauti na betri ya akiba. Bosi akamtazama. Ofisini Dar hakuna hata diski moja ya akiba.

Mwisho ikawekwa sheria ambayo haihitaji umeme wala bando: mteja akiona namba ya akaunti imebadilika, asilipe mpaka apige simu kwa namba anayoijua tangu zamani, siyo ile iliyoandikwa kwenye barua, aisikie sauti ya mtu. Siku hiyo hiyo wateja wote wakajulishwa. Ile hoteli pia. Milioni nne hazijarudi mpaka ninapoandika, ripoti iko polisi, na Bosi amekubali kumkatia mteja ada ya miezi kadhaa. Pia anasoma upya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, maana anayeshika mishahara ya watu ameshika siri zao.

Binti wa Paje amebaki Paje. Tena kapewa kazi ya nyongeza: kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi ndiye anayepitia orodha ya akaunti zote, na aliyeondoka anafungiwa siku hiyo hiyo, kabla soda za kuagana hazijaisha.

Sasa wewe msomaji wangu uliyejiajiri, wewe mwenye duka la mtandaoni, wewe unayetuma kazi kwa bosi wa Nairobi au Ulaya ukiwa chumbani Tabata, kabla Jumatatu haijafika fanya haya: funga akaunti za walioondoka, usitumie neno moja la siri sehemu mbili, weka hatua ya pili, tenga waifai ya wageni na ya kazi, na weka nakala ya akiba mahali pengine. Mengi hapo hayana gharama, ni jioni moja ya kukosa mpira.

Wiki ijayo tukijaaliwa tutakuwa Bagamoyo, na safari hii nauli ni ya gazeti. Kaeni chonjo!